Hesabuni Waliobaki: Hotuba kuhusu msimu wa futiboli wa vyuo vidogo vya Iowa, 2024

Shikamooni wazee wetu. Ndugu zangu, akina mama, na nyinyi vijana mliojazana kule mlangoni kama watu wanaosubiri kutoroka, habari za jioni.

Kamati imenipa dakika ishirini nizungumzie msimu unaoanza mwezi ujao. Nikisema futiboli leo nina maana ile ya mpira wenye ncha mbili na kofia ngumu. Ile ya Mazembe, Yanga na Gor Mahia nitaiita soka, tusije tukagombana bure. Na sitagusa timu kubwa za Iowa City na Ames mnazoziona kwenye televisheni. Hizo zina wasemaji wao. Nataka kusema habari za ligi iliyo mlangoni kwetu, ambayo wengi wetu tunapita kando ya viwanja vyake kila siku tukienda kazini bila kugeuza shingo.

Ligi hiyo inaitwa American Rivers Conference. Ilianza mwaka 1922 kama ligi ya vyuo vya Iowa peke yake, na jina hili la mito ilijipa mwaka 2018, baada ya chuo cha Nebraska Wesleyan kutoka Lincoln kujiunga mwaka 2016. Sasa ina vyuo tisa. Hapa hapa Cedar Rapids tuna Coe. Dubuque kuna viwili, University of Dubuque na Loras. Waverly kuna Wartburg, Pella kuna Central, Decorah kuna Luther, Indianola kuna Simpson, na kule mbali magharibi, Storm Lake, kuna Buena Vista. Karibu vyote vilianzishwa na watu wa kanisa: Walutheri, Wapresbiteri, Wamethodisti, Wakatoliki wa Loras, Wabaptisti wa Pella. Simpson ndiko alikosomea George Washington Carver, yule mwanasayansi maarufu wa kilimo, kabla hajaenda Ames, jambo ambalo wenyewe hawachoki kukukumbusha, na wana haki.

Kabla sijapanda hapa mzee mmoja alinishika mkono akaniuliza: "Mwanangu, kijana akicheza huko analipwa?" Mzee wangu, halipwi. Wala hasomeshwi bure kwa sababu ya mpira. Vyuo hivi viko daraja la tatu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, na daraja la tatu halitoi ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo. Kijana anapata msaada kwa alama zake na kwa hali ya mfuko wa wazazi wake, kama mwanafunzi mwingine yeyote: kuna Pell Grant ya serikali kuu, kuna Iowa Tuition Grant kwa mkazi wa jimbo anayesoma chuo cha binafsi, na kuna punguzo la chuo chenyewe. Kinachobaki, familia inalipa. Hata awe mfungaji bora wa ligi, ankara itakuja nyumbani.

Swali la mzee limebeba hotuba yangu yote, kwa hiyo nitaliegemea. Kule daraja la kwanza kocha akimpa kijana ufadhili, amemfunga kamba. Huku hakuna kamba. Kocha wa chuo kidogo anaingiza vijana wengi kila mwaka, kikosi kinapita watu mia moja kwa urahisi, na kila mmoja ni mlipa ada, kwa hiyo chuo kinawafurahia. Lakini wengi wao hawafiki mwaka wa tatu uwanjani. Mmoja ameona benchi ni gumu. Mwingine kemia imemshinda akiwa na mazoezi kila alasiri. Mwingine mama yake amepunguziwa saa kazini, naye ameamua kuhamia chuo cha serikali. Timu inayojua kuwashika vijana hao mpaka mwaka wa nne ndiyo inayotwaa ubingwa. Kwa hiyo mtu akikuambia timu fulani imesajili vizuri, muulize swali moja: wa mwaka juzi wako wapi?

Mimi Ijumaa usiku kazi yangu ni kushika mnyororo kwenye mechi za sekondari. Mnajua timu inapewa majaribio manne kusogeza mpira yadi kumi. Sisi wa mnyororo ndio tunaopima kama yadi kumi zimetimia. Ukisimama pale pembeni, hatua chache kutoka kwenye mpira, unaona vitu ambavyo mtu wa jukwaani havioni. Watu wa jukwaani wanamtazama kwotabeki, yule anayerusha mpira, na mkimbiaji. Mimi natazama mikono ya wale mabaunsa watano wa mbele wanaowakinga. Kijana mgeni mikono yake inatoka nje, anamkumbatia mpinzani mabegani, na kitambaa cha njano cha mwamuzi kinaruka: yadi kumi nyuma. Kijana aliyekomaa mikono yake inaingia ndani, viganja kifuani kwa mwenzake, viwiko vimebana mbavu, nyonga zimeshuka, na miguu inachapa hatua fupi fupi. Hasemi kitu. Mkimbiaji anapita nyuma ya mgongo wake, watu wanashangilia mkimbiaji.

Kumfanya mtu wa namna hiyo kunataka miaka. Chuo kikubwa kinamnunua akiwa tayari na kilo mia moja na arobaini. Chuo kidogo kinampata mtoto wa shamba mwenye kilo mia, mrefu, miguu mikubwa, mpole, kisha kinamlisha bwaloni na kumnyanyulisha vyuma mpaka anakuwa mtu wa mwaka wa nne. Akiondoka mwaka wa pili, ile kazi yote imekwenda na maji.

Sasa tuje kwenye utabiri. Kila mwaka kabla msimu haujaanza makocha hupiga kura kuzipanga timu. Desturi ya kura za namna hii ni kwamba kocha hapigii timu yake. Kwa hiyo katika ligi ya timu tisa, anayependwa na wote anapata kura nane za nafasi ya kwanza, na ile ya tisa, ambayo ni ya kocha wake mwenyewe, inakwenda kwa mwingine. Mkiona timu ya pili ina kura moja ya kwanza, msianze kusema kuna kocha mmoja mwenye siri. Ni kocha wa bingwa, hana pengine pa kuiweka.

Mimi kura hizo nazisoma kama picha ya mwaka uliopita. Makocha wana kazi zao. Kocha wa Decorah hajui nani wa Lincoln ameumia goti kwenye mazoezi ya machipuko. Anachukua msimamo wa mwaka jana, anasogeza moja juu, moja chini, anatuma, anarudi kwenye video zake. Juu kabisa huwa wanapatia, maana bingwa anajulikana. Katikati ndiko wanakoteleza.

Tuanze na bingwa, Wartburg. Hapa sina ujanja wa kuwashangaza. Mwaka 2022 walifika nusu fainali ya taifa, wakafungwa na Mount Union ya Ohio, ubao ukasomeka 34 kwa 31. Mwaka 2023 wakarudi nusu fainali tena, wakafungwa na North Central ya Illinois, 34 kwa 27. Jumlisheni: pointi kumi katika mechi mbili, dhidi ya vigogo wawili wa daraja hili. Ndugu zetu wa Waterloo, nyie Waverly iko mwendo wa nusu saa tu. Nimeuliza wangapi wamewahi kwenda kutazama, naona mikono miwili, na mmoja wenu anafanya kazi ya kupaki magari pale.

Kwa nini Wartburg? Waverly ni mji mdogo ambao Jumamosi ya mpira hauna shughuli nyingine, na vijana wanabaki. Kocha wao wa miaka mingi, Rick Willis, alipokabidhi timu hakukabidhi kwa mgeni; Chris Winter alikuwa tayari msaidizi ndani ya nyumba. Kijana aliyesajiliwa na Willis akamaliza na Winter, lugha ile ile, zoezi lile lile. Wanacheza ulinzi wa kukasirisha, wa watu kumi na mmoja wanaokimbilia mpira kwa pamoja. Mwaka huu wameondokewa na wakubwa kadhaa, kama inavyowapata wote, lakini waliokuwa wanasubiri nyuma yao wamesubiri miaka miwili mpaka mitatu. Mimi nawaweka wa kwanza, na sioni haya kukubaliana na umati.

Hapa pana jambo la mwaka huu ambalo watabiri wengi wanalipita haraka. Msimu wa 2020, wa ugonjwa wa korona, haukuhesabiwa kwenye ile miaka minne ya kijana kucheza. Walioanza chuo vuli ile wakapata nafasi ya mwaka wa tano, na mwaka huo wa tano ni huu. Baada ya Novemba kundi lile limekwisha. Swali ni nani amerudi. Kijana wa miaka ishirini na mbili au tatu, mwenye shahada mkononi, kurudi kucheza bila malipo maana yake amepata sababu: digrii ya pili, somo la ziada, au mafunzo ya ualimu kwenye shule ya jirani. Na tena kuna wa kumlipia muhula huo. Timu yenye watano au sita wa aina hiyo, hasa wakiwa kwenye mstari wa mbele, ni timu ya wanaume ikicheza na wavulana. Orodha za vikosi zikitoka, msianze na majina. Tazameni safu inayoonyesha mwaka wa masomo.

Central, watu wa Pella. Hawa ndio chuo chenye taji la taifa katika nyumba hii, la mwaka 1974. Aliyelileta ni kocha Ron Schipper, aliyefundisha pale misimu 36, kuanzia 1961 mpaka 1996, na katika yote 36 hakuwahi hata mara moja kumaliza msimu akiwa na vipigo vingi kuliko ushindi. Fikirieni wenyewe kocha wa soka kwetu anayedumu miezi 36. Juzi juzi tu, mwaka 2021, kwotabeki wao Blaine Hawkins alishinda tuzo ya Gagliardi, ya mchezaji bora wa daraja la tatu nchi nzima. Wana kocha mmoja, Jeff McMartin, tangu 2004.

Ila Central ina jambo la nje ya uwanja ambalo mimi nalipa uzito kuliko mwingine. Kuanzia vuli ya 2020 chuo kile kilishusha bei ya masomo iliyotangazwa, kutoka zaidi ya dola elfu thelathini na nane hadi dola 18,600. Watu wa uhasibu watawaambia kwamba tofauti si kubwa kama inavyoonekana, kwa sababu zamani punguzo lilikuwa kubwa na sasa limekuwa dogo. Kweli. Lakini mzazi hasomi kitabu cha mhasibu, anasoma bei. Na mzazi asiyeogopa bei hamwondoi mtoto mwaka wa pili. Vijana walioingia chini ya bei hiyo sasa wamejaa kikosini mpaka darasa la juu kabisa. Nawaweka wa pili, na kama kuna wa kumtikisa Wartburg, ni hawa.

Najua mnasubiri Coe. Coe ni nyumbani, tunasikia ngoma za Clark Field tukiwa sokoni. Waliingia ligi hii mwaka 1997, na tangu hapo hawajawahi kuwa watu wa kudharauliwa. Kuna jina moja nataka vijana wa mlangoni walishike: Fred Jackson. Kijana wa Texas ambaye sekondari hakuwa hata mkimbiaji wa kwanza wa timu yake; walisema ni mdogo wa mwili. Akaja Coe, akakaa mpaka akamaliza. Hakuchaguliwa na timu yoyote ya NFL, ligi kuu ya kulipwa. Akacheza ligi ya ndani ya ukumbi kule Sioux City, akaenda Ujerumani kuchezea Rhein Fire, na Buffalo Bills wakamchukua wakati meneja mkuu wao alikuwa Marv Levy, ambaye naye, bahati iliyoje, ni mhitimu wa Coe. Ndiye yule Levy aliyewahi kuwafikisha Bills Super Bowl, fainali ya NFL, mara nne mfululizo na kukosa zote nne. Mwaka 2009 Jackson akakimbia yadi 1,062, na kwenye kurudisha mipira ya kuanzia akapata zaidi ya elfu moja nyingine. Kabla yake hapakuwa na mchezaji wa NFL aliyevuka elfu moja kote kuwili katika msimu mmoja.

Simtaji Jackson ili kila mtoto aote NFL. Wa namna yake ni mmoja katika maelfu, na anayempeleka mwanawe Coe kwa ajili hiyo atarudi analia. Namtaja kwa sababu alibaki. Coe ya mwaka huu naiweka ya tatu. Kocha Tyler Staker ana timu inayopenda kurusha mpira, na timu ya kurusha huishi kwa mabaunsa watano kumpa kwotabeki sekunde tatu. Wakimpa sekunde tatu, watafunga mtu yeyote. Wakimpa mbili, tutashinda tunaangalia mpira ukipigwa teke kurudishwa kwa wenzetu.

Dubuque mji mmoja, timu mbili, na kilima katikati. Loras wanacheza kwenye Rock Bowl. University of Dubuque wanacheza Chalmers Field. Hao wa University of Dubuque ndio waliokuwa na Michael Zweifel, mpokeaji aliyemaliza chuo akiwa amedaka mipira 463, rekodi ya madaraja yote ya NCAA wakati huo, huku baba yake akiwa kocha mkuu. Naye alichukua tuzo ya Gagliardi, 2011. Hizi mbili nazipa nafasi ya nne na ya tano, na ipi ni ipi nitasema wakishakutana. Mechi yao nendeni hata kama hamwelewi sheria. Majirani wakigombana, hakuna anayehitaji mkalimani.

Simpson wa sita. Wana uwezo wa kumfunga mkubwa mmoja kwa mwaka, halafu wiki inayofuata wakajikwaa kwa mdogo. Nebraska Wesleyan wa saba. Safari zinawala, maana mechi zao zote za ugenini za ligi ni kuvuka jimbo, na anayeshuka basi baada ya saa tano hachezi kama aliyelala kitandani kwake. Luther na Buena Vista nawaweka chini, kwa sababu ya miaka ya hivi karibuni na si kwa dharau. Kujenga upya mahali ambapo vijana wanaondoka ni kazi ya miaka mitatu au minne, na kocha anayeahidi chini ya hapo anawadanganya wazazi.

Sasa kambi. Agosti ya Iowa mnaijua. Siku mahindi yanapokuwa marefu yanatoa unyevu mwingi hewani, wenyeji wanauita jasho la mahindi, na hewa inakuwa nzito kama ya Mombasa mwezi wa tatu, ila bila upepo wa bahari. Ndiyo maana sheria inawataka wazoee polepole: siku za kwanza kofia tu, halafu kofia na pedi za mabega, ndipo vifaa kamili. Wazazi wenye vijana wanaokwenda kambini mwaka huu, nawasihi mwulizeni mwenye kambi swali moja: beseni la maji ya barafu liko wapi? Kijana akipandwa na joto anatumbukizwa humo kwanza, ndipo anakimbizwa hospitali. Kambi nzuri itakuonyesha kwa kidole. Na nyie vijana, mkijisikia vibaya semeni. Sijui nani aliwafundisha kwamba kutapika kimyakimya nyuma ya uzio ni ushujaa.

Kuhusu ratiba nitapita mbio. Mechi kumi kwa kila timu: nane za ligi, kila mmoja akutane na kila mmoja mara moja, na mbili za nje. Zinaanza Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Bingwa anaingia moja kwa moja kwenye mtoano wa taifa. Mwaka huu mtoano umepanuliwa kutoka timu 32 hadi 40, na nafasi za wasio mabingwa zitaamuliwa kwa hesabu mpya inayopima ushindi pamoja na ugumu wa wapinzani. Kwa hiyo zile mechi mbili za nje, ambazo zamani makocha wengine walizifanya za kupasha misuli, sasa zina thamani. Kumfunga kibonde kwa hamsini hakukusaidii sana. Kupambana na timu ya Wisconsin kunasaidia. Naamini ligi yetu itaingiza timu mbili kwenye mtoano. Fainali, ile inayoitwa Stagg Bowl, itachezwa Houston Januari 2025, na Wartburg wakifika huko nina binamu Houston mwenye sebule kubwa, nitaongea naye.

Kama mnataka kujua mapema kama nimepatia, msisubiri msimamo wa Oktoba. Nendeni Clark Field mechi ya kwanza ya nyumbani, kaeni chini karibu na uzio, mkaache kuutazama mpira kwa robo ya kwanza yote. Watazameni wale watano wa mbele wa Coe. Hesabuni vitambaa vya njano kwa kumkumbatia mpinzani. Vikizidi vitatu kabla ya mapumziko, nafasi ya tatu niliyowapa ni zawadi. Visipoonekana kabisa, basi nitakuwa nimewapunja, na Pella wajiandae.

Orodha yangu ndiyo hiyo: Wartburg, Central, Coe, Dubuque zote mbili, Simpson, Nebraska Wesleyan, Luther, Buena Vista. Naona kaka mmoja pale amevaa fulana ya Loras, anatikisa kichwa tangu nilipotaja nafasi ya tano. Mpeni kipaza sauti.